Jozi tendaji na jozi tulivu katika dansi ya kontra

Jozi tendaji na jozi tulivu ni nafasi mbili ambazo wachezaji hushika kwa zamu katika dansi ya kontra, yaani dansi ya kijamii ya safu mbili ambayo asili yake ya sasa iko katika eneo la New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Jozi tendaji ndiyo inayoongoza mchezo: hushuka katikati ya safu, huzunguka kwa nje, hugeuza wengine na kuzungushana. Jozi tulivu hubaki karibu na mahali pake na kuisaidia ile ya kwanza kwa kutoa mkono, kufungua njia au kuwa mhimili wa kugeukia. Kila raundi ya muziki inapokwisha, jozi tendaji husogea nafasi moja kuelekea chini ya ukumbi na jozi tulivu husogea nafasi moja kuelekea juu. Jozi ikifika mwisho wa safu hubadilisha nafasi.

Mgawanyo wa kazi kati ya nafasi hizi mbili umebadilika sana tangu karne ya 17. Katika dansi za zamani jozi tulivu ilisimama kwa muda mrefu. Katika dansi nyingi zilizotungwa baada ya miaka ya 1970, jozi zote hutembea karibu sawa. Swali lililo nyuma ya mabadiliko hayo ni la haki: je, kila aliyesimama atapata zamu yake kabla muziki haujakoma?

## Majina

Neno *kontra* kwa kawaida huelezwa kuwa limetokana na Kifaransa *contredanse*. Neno hilo nalo lilikuwa namna ya Wafaransa kutamka jina la Kiingereza lenye maana ya "dansi ya mashambani". Kwa kuwa *contre* katika Kifaransa hudokeza kukabiliana, jina lilipata maana mpya iliyofaa: ni dansi ya watu wanaokabiliana katika safu mbili.

Katika Kiingereza, jozi ya pili huitwa kwa neno lenye maana ya "isiyotenda". Jina hilo linaweza kumpotosha msomaji, kwa sababu jozi hiyo ina kazi yake. Ndiyo maana makala hii inatumia neno *tulivu*. Watangaza hatua wengi wa siku hizi huepuka majina yote mawili na kusema tu "namba moja" na "namba mbili".

Nafasi hizi zisichanganywe na nafasi za wenzi wawili ndani ya jozi moja. Hizo zamani ziliitwa za mwanamume na mwanamke. Tangu miaka ya 2010 vikundi vingi vimeanza kutumia majina ya ndege wawili ambayo kwa Kiingereza huanza kwa herufi L na R, ili kukumbusha nani yuko kushoto na nani yuko kulia, na mtu yeyote anaweza kucheza upande wowote.

## Muundo wa dansi

Wachezaji hupanga safu mbili ndefu zinazotazamana, kuanzia karibu na bendi hadi upande wa pili wa ukumbi. Upande wa bendi huitwa juu. Upande wa pili huitwa chini. Kila mchezaji ana mwenzi wake, na kila jozi mbili zinazofuatana hufanya kikundi cha watu wanne. Katika kikundi hicho, jozi iliyo karibu na bendi ni namba moja, yaani tendaji. Nyingine ni namba mbili, yaani tulivu.

Muziki kwa kawaida hupigwa kwa fidla, ukisindikizwa na piano, gitaa, banjo au akodioni. Wimbo mmoja una mapigo 64, yaliyogawanywa katika mafungu manne ya mapigo 16: A1, A2, B1 na B2. Mapigo hayo 64 ni raundi moja ya dansi. Kwa mwendo wa mapigo 110 hadi 120 kwa dakika, raundi moja huchukua sekunde 32 hadi 35. Mtangaza hatua hufundisha mfuatano wa hatua kabla ya muziki kuanza, kisha huutaja katika raundi za mwanzo hadi wachezaji waushike.

Baada ya raundi moja, jozi hizo mbili huwa zimebadilishana mahali. Jozi tendaji sasa inakutana na jozi tulivu nyingine iliyokuwa chini yake, na hatua zilezile huanza upya. Jozi tulivu inayofika juu kabisa hukosa wa kucheza naye. Hupumzika raundi moja, kisha huingia tena ikiwa tendaji. Jozi tendaji inayofika chini kabisa hupumzika vivyo hivyo na kurudi ikiwa tulivu. Kwa hiyo nafasi hizi ni za kupokezana, na hakuna jozi iliyopewa moja ya kudumu.

Zipo pia dansi za vikundi vya jozi tatu tatu. Katika hizo, jozi moja tu kati ya tatu ndiyo tendaji, na zile mbili nyingine hubadilishana namba kila raundi zikielekea juu. *Money Musk*, mojawapo ya dansi za zamani zinazopendwa bado, ni ya aina hii.

## Historia

Mwaka 1651 mchapishaji John Playford alitoa jijini London kitabu *The English Dancing Master*, chenye maelezo ya dansi pamoja na nyimbo zake. Ndani yake mlikuwa na dansi za duara, za mraba na za safu. Katika matoleo yaliyofuata, hadi mwanzoni mwa karne ya 18, dansi za safu mbili zisizo na kikomo cha idadi ya wachezaji zilizidi kutawala.

Katika desturi ya wakati huo, dansi ilianzishwa na jozi ya juu peke yake. Jozi hiyo ilicheza na majirani zake, ikashuka nafasi moja, ikacheza na waliofuata, na kuendelea. Wengine walisimama wakitazama hadi walipofikiwa. Utaratibu huu ulikuwa na faida mbili. Kwanza, waliosimama chini walijifunza hatua kwa kuona, bila haja ya mtu wa kuzitangaza. Pili, kusimama juu kulikuwa heshima, hivyo safu ilionyesha pia cheo cha watu katika jamii. Hasara yake ilikuwa wazi: aliyesimama chini alisubiri sana.

Wafaransa walizichukua dansi hizi mwishoni mwa karne ya 17, na waliendeleza zaidi umbo la mraba ambalo baadaye lilizaa kadrili. Waingereza walizipeleka katika makoloni yao ya Amerika Kaskazini. Katika karne ya 19, kadrili, waltzi na polka zilizisukuma kando dansi za safu katika sehemu nyingi, lakini vijiji vya New England viliendelea kuzicheza. Huko ikawa kawaida kwa vikundi vyote kuanza pamoja, ili nusu ya jozi ziwe tendaji tangu raundi ya kwanza.

Katika karne ya 20, mtangaza hatua Ralph Page (1903–1985) wa New Hampshire alikuwa miongoni mwa waliozitunza na kuzifundisha dansi hizo, pia kupitia jarida lake *Northern Junket*, lililoanza mwaka 1949. Katika miaka ya 1960 Dudley Laufman, mwanamuziki na mtangaza hatua wa jimbo hilohilo, alivutia vijana wengi ukumbini, na kutoka hapo dansi ya kontra ilisambaa katika majimbo mengine ya Marekani. Vijana hao walipenda mwendo, na walitaka kuzungushana zaidi ya kusimama. Watunzi waliitikia. Ted Sannella (1928–1995), aliyetoa kitabu *Balance and Swing* mwaka 1982, ni mmoja wa wanaokumbukwa kwa dansi zinazowapa watu wote wanne kazi.

## Mfano: Chorus Jig

Dansi ya *Chorus Jig* huonyesha vizuri mgawanyo wa zamani. (Licha ya jina lake, wimbo wake si jigi bali ni rili.) Hatua zake ni hizi:

- A1: wenzi wa jozi tendaji hushuka kila mmoja kwa nje ya safu yake, kisha hurudi.
- A2: jozi tendaji hushuka katikati, hugeuka na kurudi, kila mmoja humzunguka jirani yake wa jozi tulivu na kuishia nafasi moja chini.
- B1: jozi tendaji hucheza "kona za kontra": humpa mwenzi mkono wa kulia, jirani wa kona ya kwanza mkono wa kushoto, mwenzi tena mkono wa kulia, kisha jirani wa kona ya pili mkono wa kushoto.
- B2: wenzi wa jozi tendaji hufanya hatua ya kuyumba mbele na nyuma wakishikana mikono, kisha huzungushana.

Jozi tendaji hutembea karibu mapigo yote 64. Mchezaji tulivu hana la kufanya katika A1; huwa mhimili mwishoni mwa A2; hushikwa mkono mara mbili katika B1, mara moja na mtendaji wa juu yake na mara moja na wa chini yake; na husimama tena katika B2. Yote kwa jumla hayafiki robo ya raundi.

## Hesabu ya zamu

Watu wengi hudhani kuwa, kwa kuwa jozi hubadilishana nafasi kwenye ncha za safu, haki hupatikana yenyewe. Hesabu inaonyesha kuwa inategemea urefu wa safu na idadi ya raundi.

Tuchukue safu moja ya jozi 20, na dansi ya raundi 12, yaani dakika 6 hadi 7 hivi. Jozi zilizo katika nafasi ya 2, 4, 6 hadi 20 huanza zikiwa tulivu. Jozi ya nafasi ya 10 hufika juu baada ya raundi 9, hupumzika katika raundi ya 10, kisha huwa tendaji katika raundi ya 11 na 12. Jozi ya nafasi ya 12 hufika juu baada ya raundi 11, hupumzika katika raundi ya 12, na muziki umekwisha. Zile za nafasi ya 14, 16, 18 na 20 hazifiki juu kabisa. Hivyo jozi 5 kati ya 10 zilizoanza zikiwa tulivu huondoka bila kuwa tendaji hata mara moja. Kwa upande mwingine, jozi 5 zilizoanza zikiwa tendaji katika nafasi ya 1, 3, 5, 7 na 9 hazionji kamwe nafasi ya utulivu.

Sasa tuzigawe jozi hizohizo 20 katika safu mbili za jozi 10, kwa raundi zilezile 12. Jozi ya chini kabisa, ya nafasi ya 10, hupata raundi 2 za kuwa tendaji, na kila jozi nyingine iliyoanza ikiwa tulivu hupata zaidi. Hakuna aliyeachwa, na hakuna hatua ya dansi iliyobadilishwa.

Kanuni ya jumla ni rahisi. Ikiwa safu ina jozi za idadi shufwa, jozi ya chini kabisa huanza kuwa tendaji katika raundi inayofuata ile yenye namba sawa na idadi ya jozi. Kwa safu ya jozi 20 zinahitajika raundi 21, yaani dakika 11 hadi 12, ili kila jozi ipate angalau raundi moja. Ili kila jozi ikamilishe safari nzima ya kwenda na kurudi, zinahitajika raundi mara mbili ya idadi ya jozi: 40 kwa safu ya jozi 20, na 20 kwa safu ya jozi 10.

## Njia za kusawazisha

Watunzi na watangaza hatua wametumia njia kadhaa kupunguza pengo kati ya nafasi hizi mbili.

Kuvusha jozi tendaji. Katika mpangilio wa zamani, wanaume wote walikuwa safu moja na wanawake safu ya pili, hivyo jirani aliye pembeni yako alikuwa wa upande wako mwenyewe. Jozi tendaji zikivuka na kubadilishana pande, kila mtu anakuwa na jirani wa upande wa pili. Kwa badiliko hilo dogo watu wote wanne wanaweza kuzungushana na majirani kwa wakati mmoja.

Kuwashirikisha watulivu katika hatua za watendaji. Katika *Petronella* ya zamani, jozi tendaji peke yake ndiyo iliyoyumba na kuzunguka kutoka pembe moja ya kikundi hadi nyingine. Baadaye wachezaji tulivu walianza kujiunga, na leo watu wote wanne huzunguka pamoja. Hatua hiyo imeingizwa katika dansi nyingi mpya.

Kutumia hatua za watu wanne. Duara la mikono minne, nyota ya mikono, msuko wa kupishana na safu ndefu zinazosogea mbele na kurudi nyuma ni hatua zisizoweza kufanywa na jozi moja. Mtunzi akizitumia, nafasi ya kusimama inapungua yenyewe.

Mpangilio wa Becket. Mtunzi Herbie Gaudreau wa Massachusetts aliwaweka wenzi ubavu kwa ubavu katika safu moja, wakitazamana na jozi nyingine ng'ambo. Mpangilio huo umepewa jina la dansi yake *Becket Reel*. Hapa jozi za safu moja husogea kuelekea upande mmoja na jozi za safu ya pili kuelekea upande mwingine, na tofauti ya tendaji na tulivu karibu inatoweka.

Kupanga ukumbi. Mtangaza hatua anaweza kufupisha safu, kuongeza raundi, au kuwaomba waliokuwa chini katika dansi iliyopita wasimame juu katika inayofuata. Hizi ndizo njia pekee zinazoleta haki bila kugusa dansi yenyewe.

## Kazi ya jozi tulivu

Kusimama katika dansi ya kontra ni tofauti na kutazama. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaweza kuifananisha nafasi hii na ya waitikiaji katika wimbo: hawaanzishi, lakini wakikosea kuitikia, kiongozi naye hukwama.

Katika *Chorus Jig*, jozi tendaji inaporudi juu na kuzungukia nje, mchezaji tulivu ndiye bawaba na mwenzake ndiye mlango. Akisogea mapema au akilegea, mlango haufungi. Katika kona za kontra, mtendaji anageuka haraka na kumtafuta mtu wa kona yake. Anayemwokoa ni yule tulivu aliyekwisha kunyoosha mkono wa kushoto na kumtazama usoni. Mikono hiyo inahitaji mvuto wa kadiri, kwani mkono uliolegea haumgeuzi mtu, na ulio mgumu humuumiza. Mchezaji tulivu anatakiwa pia kuhesabu mapigo akiwa amesimama, jambo ambalo wengi huliona gumu kuliko kuhesabu wakitembea.

Nafasi hii ina faida nyingine. Mgeni huona hatua zikichezwa mbele yake mara kadhaa kabla ya zamu yake. Mzee au mtu mwenye maumivu ya magoti hupata pumzi bila kuondoka safuni. Wawili waliosimama karibu huweza kuzungumza, na katika jamii za vijijini za zamani hilo lilikuwa sehemu muhimu ya kuja ukumbini.

## Mjadala na hali ya sasa

Wanaopendelea dansi za usawa husema kuwa watu huja ukumbini ili wacheze, na kwamba si haki mtu kusimama sehemu kubwa ya dansi kwa sababu tu alichelewa kupanga safu. Hoja hiyo imeshinda kwa vitendo: dansi nyingi zinazochezwa leo humpa kila mtu nafasi ya kuzungushana na mwenzi wake na pia na jirani yake.

Usawa huo hata hivyo una gharama, na gharama yenyewe ni ya mapigo. Kuyumba na kuzungushana na mwenzi huweza kuchukua mapigo 16. Kufanya hivyo na jirani huchukua mengine 16. Nusu ya raundi imekwisha. Katika mapigo 32 yaliyobaki mtunzi anapaswa pia kuzisogeza jozi hadi kikundi kinachofuata. Kona za kontra, ambazo peke yake huchukua mapigo 16 na zinahitaji watu wa kusimama imara kwenye kona, hupata shida kuingia humo. Matokeo yake ni kwamba dansi nyingi mpya hufanana, na baadhi ya hatua za zamani huchezwa kwa nadra. Mtu asiyefundishwa kusimama vizuri pia hawezi kucheza dansi za zamani hata zinapotangazwa.

Kwa sababu hiyo baadhi ya watangaza hatua huweka dansi moja au mbili za mgawanyo wa zamani katikati ya usiku wa dansi za usawa. Huchagua wakati ambapo safu si ndefu, huziendesha raundi nyingi kiasi cha kuwafikia wa chini, na hueleza kazi ya jozi tulivu kwa uzito uleule wa kazi ya jozi tendaji.

## Dansi za jamaa

Dansi zilizotokana na *contredanse* ya Kifaransa zilifika pia katika visiwa vya Karibi na vya Bahari ya Hindi. Nchini Kuba, *contradanza* iliendelea hadi kuzaa *danzón* katika karne ya 19. Karibu zaidi na pwani ya Afrika Mashariki, watu wa Shelisheli huicheza *kontredans* kwa muziki wa *kamtole*, wakifuata kiongozi anayetangaza hatua kwa sauti. Dansi hizi zimekua kila moja kwa njia yake, lakini zote zimerithi wazo lilelile la jozi zinazokabiliana na kupeana nafasi.